Kijiko, Kiti cha Jikoni na Barabara ya Alfajiri

Mtu wa miaka 46 mwenye kilo 92 akiamua kupungua, mara nyingi huanzia dukani. Raba mpya Jumamosi, na Jumapili saa kumi na mbili asubuhi yuko na kundi la mchakamchaka, kilomita sita, filimbi na nyimbo. Jumanne anashuka ngazi kinyumenyume. Wiki ya tatu goti au kisigino kimeanza kulalamika, na wiki ya tano raba ziko chini ya kitanda huku mzani haujasogea hata nusu kilo. Sisi tunaowapokea watu wa umri huu mazoezini tunaijua safari hiyo hatua kwa hatua, na kosa lake ni la mpangilio: barabara imetangulizwa, sufuria imeachwa ilivyo. Baada ya arobaini, wiki mbili za kwanza ni za jikoni. Kisha kutembea, kisha misuli. Kukimbia huja mwisho, na si lazima kuje.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwenye kilo 92 akitembea kilomita tano kwa mwendo wa haraka, anachoma kalori kama 250 zaidi ya zile ambazo angezitumia amekaa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti au ya mawese, ni gramu 14 hivi, kalori 120. Vijiko viwili vimekwisha kufuta saa nzima ya kutembea. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo kwa miguu peke yake, bila kugusa chakula, unahitaji mwezi mzima wa kutembea kila siku ili kilo hiyo itoke. Andazi moja la ziada kila jioni linatosha kuirudisha.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka kwetu. Mwaka 2012 Herman Pontzer, mtafiti wa Marekani, na wenzake walichapisha vipimo walivyofanya kwa Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11.4 kwa siku, wanawake 5.8. Hata hivyo nishati waliyotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili yao, haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaotembea sana hubana matumizi kwingine. Mwaka 2021 Pontzer na kundi kubwa la watafiti walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 6,400, vikaonyesha kwamba mwili hauanzi ghafla kuunguza polepole baada ya arobaini: ukizingatia uzito na misuli, matumizi yake hubaki karibu yaleyale kuanzia miaka 20 hadi 60. Kinachobadilika ni kwamba misuli imepungua, gari limepatikana, kazi imekuwa ya kiti, usingizi umekatikakatika, na sahani imebaki ileile ya kijana aliyekuwa akicheza mpira kila jioni.

Tuanze na mafuta basi, maana hayaonekani chakula kikishapakuliwa. Chukua chupa ya lita moja, andika juu yake tarehe uliyoifungua, kisha hesabu siku mpaka iishe. Nyumba ya watu watano inayomaliza lita kwa siku nne inampa kila mmoja kalori 400 na ushee kwa siku kutoka kwenye mafuta pekee. Lita hiyo ikienda siku nane, kila mmoja amepunguza kalori 200 kwa siku na chakula kiko palepale. Kwa mwezi hiyo ni kama gramu 800 za mafuta ya mwili. Nusu saa ya mazoezi ya mtu anayeanza hailipi hivyo.

Tatizo liko kwenye mkono unaomimina. Mafuta yakitoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye sufuria iliyopata moto, jicho huangalia tu kama pale chini pamefunikwa, na sufuria pana ya mchuzi hufunikwa kwa vijiko sita au vinane bila mtu kustuka. Pima viwili, kwa sufuria nzima. Tia kitunguu mafuta yakiwa na moto wa wastani, weka chumvi kidogo mapema ili kitunguu kitoe maji yake, funika dakika mbili. Kikianza kushika chini, nyunyiza maji vijiko viwili, kwangua ile rangi ya kahawia kwa mwiko, acha yakauke. Rudia mara mbili au tatu mpaka kitunguu kiwe cha dhahabu. Ndipo nyanya ziingie, ufunike tena. Hapa wapishi wengi hukata tamaa kwa sababu wanasubiri mafuta yaelee juu kama walivyozoea, nayo hayataelea. Dalili ya kuiva ni nyanya kupoteza ile harufu ya ubichi na rojo kuanza kuvuta mwiko. Mchuzi huo ni mtamu, na watoto hawatajua kilichopungua.

Kwa wapikaji wa nazi, kasimile, lile tui zito la kwanza, ndilo lenye mafuta mengi. Wali wa nazi pamoja na mchuzi wa nazi katika mlo mmoja ni kulipa mara mbili. Chagua kimoja kiwe cha nazi, na hicho kimoja kipikwe kwa tui la pili, kasimile kidogo ikitiwa mwishoni kwa ajili ya harufu. Chipsi mayai hatuna la kuzitetea: sahani moja ya mayai mawili hufika kalori 900 kwa urahisi, ambazo ni karibu nusu ya mahitaji ya siku ya mwanamke anayetaka kupungua.

Ugali na wali pima vikiwa vikavu, kwa sababu maji huficha kipimo. Gramu 100 za unga au mchele ni kalori 350 hadi 360. Kilo moja ya unga ikiliwa na watu wazima watano kwa mlo mmoja, kila mmoja amekula gramu 200, zaidi ya kalori 700, na mboga bado haijahesabiwa. Shusha hadi gramu 80 au 100 kwa mtu, yaani gramu 400 hadi nusu kilo kwa nyumba hiyo, na mboga za majani ziongezwe mara mbili ili sahani isionekane ya adhabu. Usifute ugali kabisa. Anayefuta wanga wote Jumatatu hupungua kilo mbili kufikia Ijumaa, akafurahi, lakini nyingi ya hizo ni maji: mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini pamoja na maji yapatayo mara tatu ya uzito wake. Tonge la kwanza likirudi, maji yanarudi, naye anaamini ameshindwa. Na tusahihishe jambo moja kuhusu dona. Ina nyuzinyuzi zaidi, hushibisha kwa muda mrefu na humfaa mwenye kisukari, lakini gramu kwa gramu kalori zake ni karibu sawa na za sembe. Mlima wa dona unanenepesha.

Vinywaji tutavipita haraka maana kila mtu ameshaambiwa. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya chai, ni gramu 48 za sukari vijiko vikiwa vya kusawazishwa, na vyetu hurundikwa. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea bila vita. Asali nayo ni sukari. Soda ya mililita 350 ni karibu vijiko tisa. Bia ya nusu lita ni kalori 200 na ushee, lakini madhara yake makubwa ni yale yanayoagizwa pamoja nayo saa tatu usiku.

Kitu kimoja kiongezwe: protini. Anayepungua bila kula protini ya kutosha hupoteza misuli pamoja na mafuta, na katika umri huu misuli inakwenda yenyewe hata bila msaada, asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi baada ya thelathini. Lenga gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito unaotaka kuufikia. Anayelenga kilo 78 anahitaji gramu 90 hivi, na hazihitaji unga wowote wa kopo. Mayai mawili ni gramu 12. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni 15. Kipande cha samaki cha gramu 150 ni 30. Mtindi nusu lita ni kama 16. Dagaa wakavu gramu 30, konzi moja tu, ni karibu 18, na ni protini ya bei nafuu sokoni: toa vichwa, loweka maji ya vuguvugu dakika kumi ili mchanga na chumvi vishuke, kaushe kwenye kikaango kitupu mpaka walie, ndipo nyanya na ndimu. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini kabla ya kuongea na daktari. Karanga ni nzuri, ila gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, kwa hiyo kile kifuko kinacholiwa kwenye daladala ni mlo, kihesabiwe hivyo.

Wiki hizo mbili za jikoni ndizo pia za vipimo. Pima presha na sukari zahanati, mara mbili kwa siku tofauti. Presha ikisoma 140/90 kwenda juu unaweza kutembea, lakini anza na daktari. Ikisoma 180/110 au zaidi, mazoezi mazito yasubiri mpaka ishuke. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya jamii ya glibenclamide amuulize daktari kuhusu dozi kabla ya kuanza, kwa sababu chakula kikipungua na miguu ikiongezeka sukari inaweza kuporomoka barabarani: jasho la baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Peremende tatu mfukoni, kila siku. Aliyefunga Ramadhani anayetumia dawa hizo asifanye mazoezi mchana, atembee baada ya futari.

Kisha kamba. Kata uzi mrefu kama wewe ulivyo, kuanzia kisigino mpaka utosi. Ukunje katikati. Zungusha ile nusu kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, shati likiwa limepandishwa, pumzi imetoka, tumbo halijabanwa. Ncha zikikutana, uko salama. Zikikosa kukutana, lile pengo ndilo kazi yako, na kila mwezi ulipime kwa vidole. Wenye futi ya fundi cherehani wajue kwamba Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu hatari kwenye sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na hatari kubwa kwenye 102 na 88. Tunaupenda uzi kuliko mzani kwa sababu mzani hupanda kilo moja na nusu kwa ajili ya samaki wa chumvi wa jana. Ukipima uzito, iwe asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, mara tatu kwa wiki, uchukue wastani.

Kwa mwanamke aliye karibu na ukomo wa hedhi, kati ya miaka 45 na 55 kwa wengi, uzi una maana zaidi. Homoni ya estrojeni ikishuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na kwenye makalio huhamia tumboni, hata mzani ukisoma namba ileile. Sketi imebana na uzito haujabadilika: haoti, ni kweli. Hapo dawa ni misuli na usingizi, si kupunguza tena chakula ambacho kimeshapunguzwa. Joto la usiku linalomwamsha saa nane humfanya aamke na njaa ya vitu vitamu, kwa hiyo chumba chenye hewa, shuka jepesi la pamba na chai ya mwisho kabla ya saa tisa alasiri ni sehemu ya mpango.

Sasa miguu. Wiki ya kwanza na ya pili za kutembea ni dakika 20, siku tano. Ongeza dakika tano kila wiki mpaka ufike 45. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, kaza. Ukishindwa kumjibu mwenzako, punguza. Ukifika dakika 45 mara tano umepata 225 kwa wiki, katikati ya zile 150 hadi 300 ambazo Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima tangu mwongozo wake wa 2020. Kuanzia wiki ya saba tia mwendo wa kukaza: dakika mbili haraka, tatu kawaida, mara tano. Dakika kumi baada ya chakula cha jioni nazo si za kupuuza, kwani misuli ya miguu huvuta sukari kutoka kwenye damu wakati ule ule inapopanda.

Dar es Salaam na Pwani nzima, toka saa kumi na moja na nusu alfajiri, hasa Desemba hadi Machi. Saa mbili asubuhi joto na unyevu vimeshapandisha mapigo ya moyo, na mwili unalipia jua badala ya hatua. Penye giza vaa shati jeupe na tembea upande unaoyaona magari yakija. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina njia ya waenda kwa miguu na urefu wa kama kilomita moja, kwa hiyo kwenda na kurudi mara mbili ni kilomita nne bila kuvuka barabara na bila kuuliza kipimo. Mchanga wa Coco Beach unavutia, lakini wiki nane za kwanza uepuke ule laini. Kisigino huzama kuliko vidole, na ukano wa nyuma ya kifundo huvutwa kila hatua. Ule mgumu wa maji kupwa una tatizo jingine: umeinama kuelekea baharini, na mguu mmoja unakuwa wa bondeni kwa saa nzima. Ukitembea huko, rudi kwa njia ileile ili miguu ibadilishane.

Raba za mtumba zinafaa ukijua kuchagua. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: ikirudi polepole au ikiwa ngumu kama mbao, sponji imekufa hata kama juu inang'aa. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Kisigino kikiegemea upande mmoja, imeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe. Ikunje: inapaswa kukunjika penye vidole, si katikati. Vuta soli pembeni uone kama gundi inaachia. Na nunua mchana au jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, nafasi ya upana wa kidole gumba ibaki mbele.

Misuli ndiyo inayoachwa na wengi, nasi tunaisisitiza kuliko yote. Mara mbili au tatu kwa wiki, siku ya kupumzika ikiwa katikati, dakika 25 nyumbani. Chombo cha kwanza ni kiti kigumu cha jikoni kilichoegemezwa ukutani. Kochi halifai, linazamisha. Kaa nusu ya mbele ya kiti. Nyayo ziachane kwa upana wa nyonga, visigino vivutwe nyuma kidogo ya magoti. Mikono ikunjwe kifuani. Inama mbele kutokea kwenye nyonga mpaka pua ipite ncha za vidole vya miguu, kisha sukuma sakafu kwa unyayo wote, usimame wima kabisa. Shuka kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Usijibwage: kule kushuka taratibu ndiko kunakojenga paja na kulilinda goti. Mara nane, pumzika dakika moja na nusu, mara nane tena. Ukifika mara 15 kwa mizunguko mitatu, kumbatia dumu la maji la lita tano, ambalo ni kilo tano hivi, uanze upya na mara nane.

Kosa tunalolisahihisha kila siku ni magoti kuelekea ndani yakikaribia kugusana wakati wa kusimama. Maneno hayasaidii sana. Chukua khanga, ikunje iwe mkanda, ifunge kuzunguka mapaja juu kidogo ya magoti, isibane, kisha isukume kwa nje kwa mapaja unaposimama. Baada ya mazoezi matatu au manne makalio yanajifunza, na khanga inatolewa. Kosa la pili ni kubana pumzi. Toa pumzi unaposukuma, vuta unaposhuka. Anayebana pumzi akisukuma kitu kizito huipandisha presha kwa kasi, na wengi wa umri huu tayari wana presha.

Pushapu zianzie ukutani, zihamie kwenye meza isiyocheza, halafu kwenye ngazi ya pili, sakafu mwishoni. Kila hatua ifike mara 15 kabla ya kushuka. Kwa mgongo, inama mkono mmoja ukiwa kwenye kiti, vuta dumu kutoka chini hadi ubavuni, kiwiko kikipita karibu na mwili, mara 10 kila upande. Vigimbi: simama kwenye ukingo wa ngazi, shika ukuta, panda kwa vidole, shuka kwa hesabu ya tatu mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 12, mizunguko mitatu. Zoezi hili la vigimbi ndilo kinga bora ya kisigino tunayoijua, na ndilo watu huliruka kwa sababu linaonekana dogo.

Pumzi huzoea ndani ya wiki chache. Kano na gegedu huchukua miezi. Ndiyo maana mtu wa wiki ya nne anajisikia ana nguvu za kukimbia kilomita kumi huku kisigino chake bado ni cha wiki ya nne. Maumivu yanayouma unapokanyaga hatua za kwanza asubuhi, chini ya kisigino, ni utando mgumu wa ndani ya unyayo umevutwa kupita kiasi: punguza muda wa kutembea kwa nusu, usitembee peku sakafuni, viringisha unyayo juu ya chupa ya maji ya barafu dakika tano, endelea na vigimbi. Maumivu ya mbele ya muundi ni ya kuongeza haraka mno. Kipimo chetu ni hiki: yakiwa chini ya tatu kwa kumi na yameisha kesho asubuhi, endelea. Yakikupeleka hadi kuchechemea, simama siku tatu. Kifua kubana, maumivu kwenda taya au mkono, kizunguzungu, kukosa pumzi kusikoendana na kazi: acha papo hapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa goti kuna habari njema. Utafiti wa Messier na wenzake wa mwaka 2005, kwa wazee wanene wenye magoti mabovu, ulionyesha kwamba kila kilo inayotoka hupunguza mzigo wa goti kwa karibu kilo nne katika kila hatua. Kilo tano tu, goti linaanza kushukuru.

Anayetaka kukimbia aanze wiki ya kumi: dakika moja mchakamchaka, mbili kutembea, mara nane, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Hatua fupi, mguu utue chini ya mwili. Akizidi kilo 100 abaki kwenye kutembea na mlima mdogo, hakosi kitu.

Chai za kupunguza tumbo tunazikataa wazi. Nyingi zina sanamaki, ambayo huharisha. Kinachotoka ni maji na madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka kwa mtu anayetumia vidonge vya presha vya kukojoza, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Nailoni ya kufunga tumboni hutoa jasho, glasi mbili za maji zinarudisha. Kupungua kwa njaa kali nako kuna bei yake: wanaoshuka zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, wiki baada ya wiki, hukaribisha mawe kwenye nyongo. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa. Kutoka 92 hadi 87 ni asilimia tano na kidogo, na presha na sukari kwa wengi huanza kushuka hapo, kabla hata majirani hawajaona.

Majirani wakishaona, jiandae. “Mbona umekonda hivyo, unaumwa?” Wengine watamuuliza mumeo kama kuna shida nyumbani, na shangazi atatuma mtu alete supu. Wapo walioacha kwa sababu ya maneno hayo tu, si kwa sababu ya njaa. Waambie wa nyumbani mapema, mke au mume awe wa kwanza kujua, na mama mkwe aambiwe kwa heshima kwamba daktari ameshauri, maana neno la daktari halikatai chakula cha mtu. Kwenye harusi na msibani pakua mwenyewe, anza na nyama na kachumbari, pilau kikombe kimoja, kula taratibu ili sahani isiwe tupu wakati mpakuaji anapita. Sahani tupu ndiyo inayojazwa.

Karibu na mwezi wa tatu uzi utagoma. Kwanza rudi kwenye chupa ya mafuta yenye tarehe, kwa sababu mara nyingi lita iliyokuwa ikienda siku nane sasa inaenda sita na hakuna aliyegundua. Kama mafuta yako sawa, kumbuka mwili wa kilo 84 unakula kidogo kuliko wa 92: punguza gramu 20 za unga mchana, ongeza mzunguko mmoja wa kiti. Subiri wiki tatu kabla ya kubadilisha kingine.

Na ukiugua malaria, ukisafiri au ukikaa matanga, wiki mbili zikapita bila mazoezi, usirudi pale ulipoachia. Dakika 45 ziwe 25, dumu la lita tano lijazwe maji lita tatu, vigimbi mizunguko miwili. Wiki ya kwanza hiyo, ya pili robo tatu, ya tatu urudi kamili. Aliyetoka kwenye homa asubiri siku mbili homa ikiwa imekatika kabisa, ndipo atoke barabarani, na siku ya kwanza atembee mpaka kwenye duka la kona na kurudi.